Selipher wa Ng'ambo

Ukiuliza kwao, watakuambia Selipher Nabwire hakufanya kosa lolote. Kule mpakani Busia kuazimana karatasi si uhalifu, ni ujirani. Mpaka wenyewe ni kijito ambacho mtu mzima anakiruka bila kuvua viatu. Mama yake Selipher, mjane aitwaye Keziah, alikaa upande wa Kenya. Baba yake mdogo, Laban, alikaa upande wa Uganda, na ukiwa jikoni kwa mmoja ungeweza kusikia redio ya mwingine. Watu walizaliwa upande huu wakabatizwa upande ule. Mtoto alipelekwa kuchanjwa palipokuwa na dawa, sukari ikanunuliwa palipokuwa nafuu, na mtu mwenye bidii zake aliweza kuwapigia kura marais wawili asione haya. Serikali zilikuja na bendera, zikaonyesha mstari wao kwa kidole, kisha zikarudi mjini. Ukoo ukabaki pale pale ulipokuwa.

Katika ukoo huo palikuwa na bibi mmoja aliyeitwa Selipher Nabwire. Alipofariki, wasichana wawili waliozaliwa mwaka ule walipewa jina lake lote, la kwanza na la pili, kama ilivyo desturi. Mmoja alikuwa wa marehemu Protus na mkewe Keziah. Mwingine alikuwa wa Laban, mdogo wake Protus. Walikua wakifanana paji la uso na mwanya, na watu wakawatofautisha kwa kijito tu: Seli wa huku na Seli wa ng'ambo. Ukivuka kijito, majina nayo yanageuka, na hakuna aliyewahi kuona shida katika hilo.

Shida ilianza mwaka 2015. Wasichana wa kila kijiji walikuwa wanakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na Kenya ilikuwa imefunga mlango kwa muda baada ya maiti kadhaa kurudishwa bila maelezo. Kampala mawakala walikuwa bado wanaandikisha. Selipher, Seli wa huku, alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, Stacy, na mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameshampa kisogo zamani. Baba mdogo Laban hakuona kwa nini watu wahangaike.

"Karatasi ni za serikali," alisema, "lakini jina ni la bibi yenu. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mwenzako, mimi nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji anipe barua. Nani atajua?"

Hakuna aliyejua. Paspoti ya Uganda ilitoka ikiwa na uso wa Selipher na maisha ya binamu yake: baba Laban, mama Perpetua, kijiji cha ng'ambo. Wakala alimwonya asibebe kitu chochote cha Kenya, kwa sababu kikionekana Entebbe atashushwa. Kwa hiyo kitambulisho chake cha Kenya alikifunga kwenye leso, akamkabidhi mama yake mkononi. Binamu yake alimsindikiza hadi kituo cha basi, akalia kuliko wote. Selipher alimpenda kwa machozi yale, na baadaye alipoyakumbuka aliyachukia.

Riyadh alikaa miaka miwili na ushee. Nyumba ya madam ilizungushiwa ukuta mrefu kuliko ukuta wa jela ya Busia, na lango lilifunguliwa kwa rimoti iliyokaa kwenye pochi ya madam. Yeye aliyezoea kwenda nchi nyingine kuomba chumvi na kurudi kabla uji haujamwagika, sasa alipita miezi mitano bila kuikanyaga barabara. Watoto wa nyumba walimwita Yuganda. Ikama yake, kibali cha ukaazi, iliandikwa Uganda. Mwanzoni alicheka. Kisha akazoea, akawa anaitika.

Mkataba ulipokwisha aliomba kwenda nyumbani, na bosi, mume wa madam, akamwambia mafi safari, hakuna safari, mtu wa kumbadilisha hajapatikana. Aliomba tena baada ya mwezi, madam akamfungia simu kabatini. Ijumaa moja wenyeji walipokuwa msikitini, fundi wa kiyoyozi aliacha lango wazi ili apitishe ngazi yake. Selipher alitoka na mfuko wa takataka mkononi, akapita pipa la taka, akaendelea kutembea. Paspoti aliiacha kwenye sefu ya bosi. Wakenya wawili waliokuwa wakiendesha teksi walimpitisha mkono kwa mkono hadi Jeddah, naye akajikuta huko katika mtaa wa Kandara, katika chumba kimoja na wanawake watano, mmoja wao Yvonne wa Nakuru, aliyekuwa akifua na kusafisha nyumba za watu kwa kibarua.

Ndipo ukaja msamaha wa 2017. Wasio na karatasi waliambiwa wajitokeze, waondoke bila faini na bila kuwekwa ndani, mradi ubalozi wa nchi yao uwape hati ya kusafiria. Chumba kizima kililipuka kwa vigelegele. Selipher alimvuta Yvonne kando.

"Nchi yangu ni ipi sasa?" alimwuliza Yvonne. "Hapa kwa kompyuta yao mimi ni Mganda."

"Wewe ni Mkenya, wacha jokes," Yvonne alisema. "Ukienda kwa Waganda na hiyo stori ya karatasi za kuazima, wakikushtukia pale Entebbe, umeisha. Enda kwa watu wetu. Waambie ukweli wote, hata kama ni wa aibu. Si mamako yuko? Si chifu yuko? Watapigiwa simu, halas, basi, umeenda."

Selipher alimpigia mama yake siku hiyo hiyo. Alimweleza pole pole: mama, watu wa ubalozi watakupigia, watakuuliza kama mimi ni mtoto wako, wewe sema ndiyo, basi. Keziah alisema sawa. Alisema sawa mara tatu.

Maafisa wa ubalozi walishuka kutoka Riyadh, wakapewa ukumbi juu ya mkahawa wa Wayemeni mtaani Sharafiya, wafanye kazi hadi Jumamosi, kwa sababu wikendi ndiyo siku wafanyakazi wengi huweza kuponyoka. Alhamisi Selipher alipanda ngazi zile, akaketi mbele ya afisa aitwaye Onesmus, mtu wa Machakos, mwenye miwani na subira. Hakuficha chochote. Alimweleza bibi, kijito, cheti cha binamu, na leso. Onesmus aliandika kurasa mbili.

"Kwa hivyo mko wawili, jina moja," alisema.

"Tuko wawili, ndiyo. Lakini kila mtu na kwao."

"Namba ya kitambulisho unaikumbuka?"

Aliitaja bila kusita. Ilikuwa kitu pekee cha Kenya alichotoka nacho, na usiku mwingi Riyadh alikuwa ameihesabu kimoyomoyo ili isimpotee.

Jumamosi alirudi amevaa gauni la Yvonne, uso umepakwa mafuta, kama anakwenda harusini. Msamaha ulikuwa umebakiza wiki moja. Onesmus alimwona akiingia, akavua miwani.

"Keti, Selipher. Namba uliyonipa ni ya kweli. Shida ni kwamba ina mtu."

"Mimi ndiye mtu wake."

"Selipher Nabwire mwenye namba hii ameajiriwa na kaunti. Yuko mapokezi katika zahanati ya huko kwenu tangu Novemba 2015. Anakatwa kodi. Ana akaunti ya benki. Mwaka huu amejiandikisha kupiga kura."

Selipher alicheka. Alikuwa na hakika ni makosa ya kompyuta, na alimwambia hivyo. Onesmus hakubishana naye. Alisema atampigia naibu wa chifu, ambaye ameombwa awe na mama Keziah asubuhi ile, na atafungua spika ili wote wasikie. Simu iliita mara mbili. Naibu wa chifu alisalimia kwa adabu, akampa mama.

Selipher aliposikia mama yake akikohoa kabla ya kusema, kama alivyokohoa siku zote akishika simu, machozi yalimlengalenga.

"Mama Keziah, una binti anayeitwa Selipher Nabwire?"

"Ninaye."

Selipher alimtazama Onesmus kama kumwambia, umeona?

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ako kazini. Hapo zahanati. Jumamosi anatoka saa saba."

"Mama, hapa Jeddah kuna mwanamke amekaa mbele yangu. Anasema wewe ndiye uliyemzaa."

Keziah alikohoa tena. "Huyo ni wa ng'ambo. Mtoto wa Laban, shemeji yangu. Mimi ni mama mkubwa wake. Ni Mganda huyo, tunamjua, ni mtu mzuri. Mmsaidie afike kwao."

"Mama!" Selipher aliinama juu ya simu hadi meza ikasogea. "Mama, ni mimi! Ni Seli wako!"

Watu wa kwenye foleni waligeuka. Upande wa pili palisikika kuku, na mtu akinong'ona jambo. Kisha Keziah akasema kwa sauti ya kusoma, kama mtoto anayekariri shairi mbele ya wageni:

"Pole na safari, binti ya Laban. Mungu akufikishe."

Simu ikakatwa.

Selipher hakulia pale. Aliutazama mkono wake mezani bila kujua ni wa nani. Onesmus alimwambia atoke nje apate hewa, na kwamba hatafunga faili lake hadi alasiri. Alishuka ngazi, akasimama kando ya duka la simu, kwenye kivuli chembamba cha mchana wa Jeddah, akampigia mama yake kwa simu yake mwenyewe, aliyoinunua hapo Jeddah. Keziah alipokea haraka, akaongea kwa lugha ya nyumbani, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha.

"Seli wangu! Nilisema vizuri? Laban amenifundisha tangu jana, nilikuwa naogopa nitasahau."

"Umesema mimi si mtoto wako."

"Nimesema kwa serikali," Keziah alisema. "Serikali si mtu. Sikiliza. Mwenzako aliomba kile kitambulisho siku tatu tu, kulikuwa na kazi ya kaunti na wanataka Mkenya. Akapata. Na akakaa hapa kwangu, ananipeleka hospitali, anamlea mtoto wako. Sasa ukirudi na jina lako, wataona mko wawili. Atafukuzwa, atafungwa. Na mimi ndiye nilimpa. Unataka nifungwe?"

"Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili, mama. Kila mwezi tumeongea."

"Ungesumbuka bure, na uko mbali. Kwani kuna kitu umepoteza? Uganda ni mbali? Shuka Entebbe, panda basi, ruka kijito, uko nyumbani. Nimeshakutengea kuku."

Hapo ndipo Selipher alipoumia vibaya kuliko alivyoumia mezani kwa Onesmus. Kwao, binti wa nyumba akirudi hupewa kisu akachinje. Kuku wa kutengwa ni wa mgeni. Mama yake hakuwa na nia mbaya hata chembe, na alikuwa ameshampangia pa kukaa: kiti cha wageni, sahani ya kwanza, na baada ya siku tatu swali la adabu kuhusu lini atavuka arudi kwao.

"Nikifika nitakuwa nani?" aliuliza.

"Utakuwa Seli."

"Seli gani, mama?"

"Ah, na wewe. Kuna tofauti gani?" Keziah alicheka kidogo. "Ngoja, ongea na huyu."

Simu ilipita mkono, na sauti nyembamba ikasema halo. Miaka yote hiyo, kila alipopiga aliambiwa mtoto amelala au ametoka. Selipher alikuwa ameacha mtoto asiyeweza kutamka jina lake mwenyewe sawasawa. Huyu alitamka kila kitu.

"Stacy? Stacy mama, unajua ni nani?"

"Ndiyo. Ni anti Seli wa Uganda."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mama."

"Mama yupi, Stacy?"

Mtoto hakuelewa swali. "Mama," alisema. "Ako kazini."

Selipher alikata simu. Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, gauni la watu likiingia vumbi, akalia kwa sauti, kilio cha msibani. Mpakistani mmoja alimletea chupa ya maji, akaenda zake. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Madam alimfungia simu, bosi akamfungia paspoti, na hao hakuwahi kuwadai upendo. Lakini watu wake mwenyewe walikuwa wamekaa kikao. Alikiona kikao hicho: Laban kwenye kigoda, Perpetua amekunja mikono, naibu wa chifu akinywa chai, binamu yake mwenye mwanya kama wake akilia machozi yale yale ya kituo cha basi. Na katikati mama yake, akifundishwa maneno ya kumkana, akirudia hadi akayaweza.

Yvonne alimkuta pale akitoka kibaruani. Alisikiliza yote, akasonya.

"Hao ni washenzi," alisema. "Lakini si ufike kwanza? Enda hivyo hivyo kama Mganda. Ukishafika utapigana nao huko, uso kwa uso."

"Nitapigana nao nikiwa nani? Nitaenda kituo cha polisi Kenya, niseme nini? Mganda anadai mtoto wa mfanyakazi wa kaunti?"

 Yvonne alimfuta vumbi mgongoni, wakapanda ngazi pamoja.

Ukumbi ulikuwa umepungua watu. Maafisa walikuwa wanafunga maboksi, kwa kuwa kesho yake wangerudi Riyadh. Onesmus alisukuma mbele karatasi mbili, akaziweka sambamba.

"Nitakuambia kama ndugu," alisema. "Hii ya kwanza ni barua yangu kwamba hukuthibitishwa kuwa Mkenya. Ukiichukua, Waganda watakupa hati kwa siku moja, maana alama zako hapa Saudia zimeandikwa kwa jina hilo, na kwenu wote wanasema hivyo, hata hao wa Uganda watakupokea kwa mikono miwili. Jumanne uko Entebbe. Jioni yake uko kwa mamako."

"Na hii?"

"Hii ni ya vidole. Nachukua alama zako kumi, napeleka Nairobi. Mashine haijui ukoo. Ulipochukua kitambulisho ukiwa na miaka kumi na minane ulibonyeza vidole, na vile vidole bado viko pale. Itasema wewe ni nani." Alifuta miwani yake. "Lakini jibu ni wiki sita. Msamaha utakuwa umeisha. Utakaa ndani hapa Jeddah ukingoja, na unaweza kufungiwa usirudi tena nchi hii. Na jibu likitoka, faili inaenda kwa polisi huko nyumbani. Huyo wa zahanati atashikwa. Mwenye kumpa kitambulisho ataulizwa. Mamako amemdanganya afisa wa serikali mbele ya naibu wa chifu. Wewe pia utajibu mambo ya paspoti. Nikishaituma, siwezi kuiita irudi."

"Dear, fikiria," Yvonne alisema taratibu.

Selipher alifikiria. Alijiona Jumanne jioni, akiruka kijito na mfuko wake wa plastiki. Majirani wangemlaki. Wangemwambia amenenepa, au amekonda. Perpetua angemwita binti yangu mbele za watu, na yeye angeitika, kwa sababu amezoea kuitika. Stacy angeambiwa amsalimie anti, angempa mkono kwa heshima, kisha angekimbia kumwonyesha daftari mwanamke anayetoka kazini. Wote wangekuwa na raha. Hakuna ambaye angeona kwamba kuna mtu amekosekana.

Akawaza pia mama yake akiwa kituoni, na viatu vyake vya kanisani, akijaribu kumweleza askari kwamba serikali si mtu. Picha hiyo ilimkata maini. Alimpenda mama yake hata dakika ile, na ndiyo maana alishindwa kumsamehe.

"Leta wino," alisema.

Onesmus akafungua kijisanduku. Alimshika mkono wa kulia, akaanza na dole gumba, akilibingirisha polepole kwenye karatasi, kisha kidole cha pili, cha tatu.  Yvonne alikuwa ameufumba mdomo kwa kiganja. Walipomaliza kidole cha tatu cha mkono wa kushoto, simu ya Selipher, iliyokuwa mezani kifudifudi, ikaanza kuita na kutambaa kidogo kidogo. Yvonne aliigeuza.

"Ni mamako," alisema. "Nipokee?"

Selipher alitazama jina kwenye kioo, akatazama vidole vyake vyeusi.

"Hapana. Kwa maneno yake mwenyewe huyo ni mama mkubwa," alisema, akamsogezea Onesmus mkono. "Endelea. Bado viwili."